Upepo wa Tairi na Mabega ya Punda

Huko Munje, katika pwani ya Msambweni, mkokoteni wa punda hupita juu ya mawe makali ya matumbawe na miiba. Mwenye busara huyakagua matairi kabla ya kupakia nazi: huchomoa miiba ingali juujuu na hutia upepo wa kutosha, kwani tairi legevu likigonga jiwe, mpira wa ndani hubanwa na ringi ukatoboka. Kulijaza tairi matambara badala ya upepo huzuia pancha, lakini, na hapa ndipo penye dhuluma, humwongezea punda kazi. Robert William Thomson, aliposajili hataza ya tairi la upepo nchini Uingereza mwaka 1845, alikusudia hasa kupunguza nguvu za kukokotea gari. Matambara huzirudisha nguvu hizo mabegani mwa mnyama. Afadhali kiraka cha fundi baiskeli.