Bastola ya Anko na Kalenda ya Simu Yangu

Kila familia ina mtoto mmoja ambaye ndiye saiba ya nyumba. Kwetu ni mimi. Returns za KRA za baba, HELB ya binamu, leseni ya nani inaisha lini, yote yanapitia kwa simu yangu. Kwa hivyo anko wangu, mdogo wake baba, alipoamua kwamba anataka bastola, hakwenda kwa wakili wala kwa chifu. Alikuja kwangu na kitambulisho na mfuko wa karatasi, akasema, "Kijana, nipangie hii kitu iende haraka."

Kabla mtu hajaanza kucheka, ngoja niwape picha. Anko analima mahindi huko Moiben na ana ng'ombe wa maziwa. Mwaka juzi Desemba, wiki ile ile aliyouza magunia yake, watu walikuja usiku. Walimfunga mlinzi kwa kamba ya ng'ombe, wakachukua pesa na simu, wakampiga anti kofi mbele ya watoto, halafu wakaondoka kwa miguu, polepole, kama watu wametoka harusini. Kilichomuuma mzee zaidi si pesa. Ni kwamba walijua siku. Tangu hapo akaacha kulala. Ukienda kwao saa nane za usiku ungempata sebuleni, taa imezimwa, anasikiliza mbwa wa jirani. Kwa hivyo zile stori za "wanaume na bunduki zao" mniwekee. Huyu alikuwa anaogopa ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Sasa, Kenya huendi dukani ukasema nipimie bastola. Sheria yetu ya bunduki ni ya 1954, Sura ya 114, na inasema huwezi kununua wala kukaa na bunduki ama risasi bila cheti. Na hicho cheti hakiuzwi tu kwa sababu unaweza kulipa. Lazima uwe na sababu nzuri ya kutaka silaha, na anayekupa aridhike kwamba wewe si hatari kwa watu wengine. Cheti kinataja bunduki gani na risasi ngapi. Halafu kinaishi mwaka mmoja, basi. Mwaka ukiisha na hujaongeza muda, bastola ni ile ile, kabati ni lile lile, lakini wewe sasa ni mtu aliye na silaha kinyume cha sheria.

(Na hii nayo ni Eldoret, mji wenye kiwanda cha risasi tangu miaka ya 1990. Tunatengeneza risasi na maziwa na wakimbiaji. Lakini mkazi wa kawaida kununua risasi moja ni kazi kuliko kupata tikiti ya kwenda Boston.)

Hapo ndipo kazi yangu ilianza, na nitakubali niliifurahia. Kitu ambacho watu hawakuambii ni kwamba karatasi zina umri. Chukua cheti cha tabia njema, kile sisi sote tunaita "good conduct". Unaomba kwa eCitizen, unalipa shilingi 1,050, unaprinti fomu ya C24, unaenda Huduma Centre kuwekwa alama za vidole, halafu unangoja. Ukikichukua mapema sana, kitazeeka ukitafuta zile zingine. Ukichelewa, faili yote inakaa ikikingoja. Barua ya daktari ni hivyo hivyo: inasema akili yako iko sawa leo, haisemi itakuwa sawa Agosti. Kwa hivyo unapanga kwa kurudi nyuma. Unaanza na siku unayotaka faili iondoke mikononi mwako, unahesabu wiki za kila karatasi, unaona ipi ianze na ipi ingoje. Nilitumia rangi. Nyekundu kwa kinachoisha, kijani kwa kilicho hai. Anko alikuwa ananiangalia kama mimi ni rubani.

Faili ikaondoka mwisho wa Januari. Kila karatasi ilikuwa hai, hakuna iliyokuwa na zaidi ya wiki sita.

Na hapo kalenda yangu ikaisha. Kutoka kwa polisi wa pale unapoishi, kupitia kwa kamati za usalama, mpaka bodi ya leseni za bunduki Nairobi, hakuna tarehe niliyoweza kuandika. Ni siku 30? Ni 200? Unauliza, unajibiwa kwa lile neno ambalo kila Mkenya analijua: "inashughulikiwa". Hakuna rangi ya inashughulikiwa.

Mahali pasipo na tarehe hujaa watu wa kukuuzia tarehe. Haikupita mwezi, jamaa mmoja akamwita anko kwa hoteli fulani hapa mjini, akaagiza chai na nyama ya anko, kisha akasema anajua mtu anayejua mtu. Alitaja pesa ya kununua ng'ombe mzuri wa maziwa. Anko alikuwa tayari. Aliyemzuia ni anti, na si kwa sababu ya maadili. Alisema tu, "Huyo ng'ombe unayetaka kuuza ni wangu."

Sasa sikieni kilichotokea Februari, kwa sababu bila hiyo singekuwa naandika haya.

Shamba la babu halijawahi kugawanywa vizuri. Wale wa Uasin Gishu mnajua hii stori bila mimi kuimaliza. Baba na anko walikuwa wamekubaliana kwa mdomo, babu akiwa hai, na baada ya mazishi kila mmoja akaanza kukumbuka mdomo wake. Siku hiyo mpimaji alikuja kuweka bikoni. Bikoni moja ikaangukia mahali ambapo anko alikuwa ameshapanda miti. Maneno yakaanza. Kwanza yalikuwa ya miti, kisha yakawa ya babu, kisha ya nani alisomeshwa na nani. Baba akasema jambo ambalo sitaliandika hapa. Na anko, mtu ambaye hakuwa amelala vizuri tangu Desemba, akainama akachukua fyekeo.

Nilikuwa hatua kumi hivi kutoka kwao. Sikufanya chochote, miguu ilikataa. Waliofanya ni binamu zangu wawili na huyo mpimaji, ambaye nadhani hakulipwa ya kutosha. Mmoja alishika mkono, mwingine akamkumbatia kutoka nyuma. Fyekeo ni kitu kirefu na kizito, lazima ukikaribie mtu, lazima ukiinue. Linawapa watu nafasi ya kukushika. Kufika jioni anko alikuwa ameketi nje ya nyumba ya nyanya, analia kama mtoto, na baba ndiye aliyempelekea chai.

Faili yake ilikuwa na wiki tatu tu. Kama ningekuwa nimefaulu kuipeleka "haraka" kama alivyotaka, ama kama yule jamaa wa hoteli angelipwa, ile siku angekuwa nayo kiunoni. Sihitaji kumalizia hesabu hiyo, na naomba msinimalizie.

Nilimpigia binamu yangu aliye New Jersey nikamweleza. Yeye anafanya kazi ya usiku kutunza wazee, na ana bastola mbili. Nilidhani Marekani ni kuingia dukani na kutoka. Akaniambia inategemea jimbo, na kwake mambo yote ni tarehe. Kibali cha kununua bastola kinaishi siku 90, na unaweza kuongezewa 90 zingine. Kibali kimoja ni bastola moja. Ukinunua moja, lazima siku 30 zipite kabla ya kununua ya pili. Kwa hivyo ukichukua vibali viwili kwa pamoja, unakaa chini kama mimi na rangi zangu: hii leo, ile baada ya mwezi, na isiwe imekufa kabla mshahara haujaingia. California wao ni siku 10 za kungoja kati ya kununua na kubeba. Nchi nzima ilikuwa na siku 5 za kungoja kwa bastola kuanzia 1994 mpaka 1998, wakati walipoleta ukaguzi wa papo hapo kwa kompyuta.

Binamu yangu analalamika sana kuhusu siku zake 30. Lakini maze, angalia tofauti. Yeye analalamika kuhusu namba. Anaijua. Hakuna mtu anaweza kumuuzia siku ya 12.

Na hizo siku hazikai bure. Mwaka 2017 watafiti wa Harvard walichapisha kazi waliyofanya kwa takwimu za Marekani za miaka zaidi ya 40, wakaona kwamba sheria za kungoja zinaenda pamoja na kupungua kwa mauaji ya bunduki kwa karibu asilimia 17. Hawakumnyang'anya mtu bunduki. Ni siku tu. Hasira ina umri kama good conduct, na ile ya kutaka kujimaliza pia, na mara nyingi ni mfupi kuliko tunavyodhani tukiwa ndani yake.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu, na najua wengine wenu mtanikatalia. Sisi tunadhani tuna muda wa kungoja kwa sababu tunangoja. Si kitu kimoja. Kungoja kwa sheria kuna namba, na ni kwa kila mtu, mkulima na mheshimiwa. Kungoja kwetu ni foleni. Ilimwokoa anko wangu, na baba yangu, lakini iliwaokoa kwa bahati, jinsi gari bovu linavyokuokoa kwa ajali iliyotokea mbele. Mwenye pesa ama mwenye simu ya mkubwa anaweza kuiruka, na huyo ndiye ningependa angoje zaidi. Mimi ningeandika hivi: hata kama kila mtu ameridhika na faili yako, kuanzia siku unayokubaliwa zinahesabiwa siku 60, na hakuna mtu nchini mwenye mamlaka ya kuzipunguza. Na upande wa pili, ofisi nayo ipewe siku za mwisho za kukujibu ndiyo au la. Ukiweka tarehe pande zote mbili, yule jamaa wa hoteli atabaki kuagiza chai yake mwenyewe.

Mtu ataniambia, "Wewe unahesabia siku watu wenye karatasi, na wezi je?" Ni swali la haki. Panda matatu hapa stendi mpaka Iten, kama kilomita 35, simama pale juu uangalie Bonde la Kerio. Huko chini kuna bunduki ambazo hazijawahi kuwa na cheti, hazina tarehe ya kuisha, zinarithiwa. Februari 2023, serikali ilipopeleka jeshi kwa kaunti sita za huku Bonde la Ufa kaskazini, iliwapa wenye silaha haramu siku 3 kuzisalimisha. Siku tatu, kwa bunduki zilizokaa miaka. Hiyo pia ni hesabu mbaya ya tarehe, lakini ni mada ya siku nyingine. Ninachosema leo ni kwamba waliomwibia anko hawakuja na bunduki. Walikuja na habari ya siku alipouza mahindi. Na mtu aliyekaribia kuumizwa mwaka huo alikuwa ndugu yake.

Cheti kilitoka Septemba. Ndiyo, alipata, na alinunua. Kufika hapo alikuwa ameweka taa za sola kila kona, amefuga mbwa watatu wakali, na majirani walikuwa wameanza kupigiana simu usiku. Mahindi siku hizi analipwa kwa benki. Bastola iko kwa sefu. Analala vizuri, lakini anasema ni mbwa.

Septemba hii mwaka wake unaisha, na tayari nimefungua kalenda tena. Mnakumbuka Desemba 2018, Fred Matiang'i akiwa waziri wa usalama wa ndani, wenye bunduki wote walipewa siku 90 wapigwe msasa upya? Nilikuwa shule, nikaona ni siasa. Siku hizi naona hicho ndicho kinachofaa kutokea kila mwaka, kwa kila mtu, badala ya kuongeza muda kuwa mambo ya kulipa na kusonga. Mtu wa mwaka jana si lazima awe mtu wa mwaka huu. Ameanza kunywa? Ana kesi ya shamba? Ameachwa?

Na fomu ningeiongeza kurasa moja, ya kujazwa na mtu anayelala nyumba hiyo hiyo. Nilimwambia anti hili wazo wiki iliyopita, tukiwa jikoni kwake Moiben tunapakua mursik. Alifikiri kidogo, akachungulia dirishani kuona anko yuko wapi.

"Ni vizuri," akasema. "Lakini waje siku yeye hayuko."