Tunu Alirudi, Tunu Hakurudi

Gwarama ni kata ya Wilaya ya Kakonko, mkoani Kigoma, katika ile sehemu ya kaskazini ya Buha ambayo wenyewe huiita Buyungu. Kabla ya mwaka 2012, Kakonko ilipofanywa wilaya, watu wa huko walihesabiwa pamoja na Kibondo, na wazee hadi leo hujitambulisha kuwa ni wa Kibondo. Ni nchi ya vilima, migomba na mihogo, na mpaka wa Burundi hauko mbali. Kiha kinachosemwa huko na Kirundi kinachosemwa ng'ambo ni ndugu wa karibu mno. Anayesema kimoja humsikia anayesema kingine bila ya mkalimani. Jambo hili, ambalo wataalamu wa lugha aghalabu hulitaja kwa mstari mmoja na kupita, ndilo lililowafanya watu wa Gwarama wawe wasikilizaji wa aina ya pekee. Katika miaka ya 1990 redio moja ya betri ilitosha kuwapa tamthilia za nchi tatu: za Kiswahili kutoka Dar es Salaam, za Kirundi kutoka Bujumbura, na za Kinyarwanda kupitia idhaa ya Maziwa Makuu ya BBC.

Msomaji wa visiwani huenda akaona ajabu kusikia habari za tamthilia isiyo na picha. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilhali Bara ilingoja hadi 1994, na hata hapo picha zilitua mijini. Wakati watu wa Dar es Salaam walipokuwa wakikatiza maongezi ili waiwahi Isidingo ya Afrika Kusini, Gwarama ilikuwa ingali nchi ya sauti. Betri zilizochoka zilianikwa juani pamoja na muhogo, zikapata nguvu ya kipindi kimoja au viwili zaidi, na mwenye redio hakuifungua hovyo. Aliiweka kimya mchana kutwa ili isije ikamsaliti jioni, saa ya Mkwaju.

Mkwaju ni mtu wa Twende na Wakati, tamthilia iliyoanza kurushwa na Radio Tanzania Dar es Salaam mwezi wa Julai 1993, mara mbili kwa wiki. Alikuwa dereva wa lori, mwenye mke nyumbani na wanawake njiani. Mkewe ni Tunu, aliyevumilia, kisha akachoka kuvumilia na kuanzisha biashara yake. Palikuwa na Fundi Mitindo, mshonaji, mtu wa busara. Jina la Mkwaju lilitoka redioni likaingia barabarani: mwanamume aliyemtolea mwanamke maneno yasiyofaa aliambiwa asijifanye Mkwaju, na hakuna aliyehitaji kuelezwa. Washairi wengi wameishi na kufa bila ya neno lao moja kupata bahati hiyo.

Wapo Gwarama watu wawili wanaobishana juu ya tamthilia hii kwa zaidi ya miaka ishirini sasa. Mmoja ni mjane. Wa pili ni shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Wanakubaliana katika mengi. Wanakubaliana kwamba tamthilia za siku hizi zina muziki mwingi na maneno machache. Wanakubaliana kwamba Pwagu na Pwaguzi, ingawa walichekesha, hawahesabiki katika ukoo huu, kwa kuwa kisa chao kilianza na kwisha siku ileile, na tamthilia ya kweli ni ile inayomwacha mtu na deni. Wanatofautiana kama kisa fulani kilikuwa cha Twende na Wakati au cha Zinduka!, tamthilia nyingine ya redio ya miaka hiyohiyo, na hapo mwalimu hushinda, kwani ana kumbukumbu ya majina. Ila hawajapata kukubaliana juu ya Tunu.

"Tunu alirudi," husema mjane. "Mkwaju alipolala hoi kwa ukimwi, Tunu alirudi akamwuguza."

"Hakurudi, shemeji. Alikuwa na biashara yake, alikuwa na amani yake. Arudi kufanya nini?"

"Mwalimu, wewe siku hiyo hukuwapo."

"Nilikuwapo redioni kwangu."

Mabishano haya yana wasikilizaji wake pia, na mmoja wao ni mjukuu wa mjane, kijana aliyesoma Kigoma mjini akarudi na simu ya kisasa. Yeye ndiye aliyewaletea habari kwamba ukoo wa Mkwaju ni mrefu kuliko walivyodhani, na kwamba kule Marekani wamo watu wanaobishana hivihivi, tarehe kwa tarehe na ndoa kwa ndoa, juu ya tamthilia za mchana zilizoanza kabla ya Vita Kuu ya Pili.

Habari yenyewe ni hii. Mwaka 1930, katika jiji la Chicago, kituo cha redio cha WGN kilianza kurusha mchezo ulioitwa Painted Dreams, uliotungwa na mwanamke, Irna Phillips, ambaye kabla ya hapo alikuwa mwalimu. (Mwalimu wa Gwarama alipendezwa sana na nukta hii, akaomba isomwe mara ya pili.) Michezo ya namna hiyo ilidumu robo saa kila siku ya kazi, mchana, saa ambazo mama wa nyumbani alikuwa peke yake na kazi zake. Waliogharimia walikuwa watengenezaji wa sabuni, Procter & Gamble wakiwa mbele, na ndiyo maana hata leo Waamerika huita sanaa hii kwa jina la sabuni. Phillips huyohuyo alianzisha The Guiding Light tarehe 25 Januari 1937. Ilikuwa redioni kwanza, mwaka 1952 ikaingia katika televisheni, na haikuzimwa hadi tarehe 18 Septemba 2009. Ni miaka 72. Mtoto aliyezaliwa siku ya kipindi cha kwanza angeweza kupata wajukuu kabla ya kusikia mwisho.

"Na nani alikuwa akiyakumbuka yote hayo?" aliuliza mjane.

Swali hilo ni zito kuliko linavyoonekana. Wenye vituo hawakuyakumbuka. Katika miaka ya 1950 na 1960 vipindi vingi vilirushwa moja kwa moja, na vilivyorekodiwa vilifutwa ili kanda zitumike tena. Sabuni ilikwisha kuuzwa, sauti ya nini? As the World Turns, iliyoanza mwaka 1956, ilikuwa hewani kwenye CBS adhuhuri ya tarehe 22 Novemba 1963 pale ilipokatizwa kwa habari ya kupigwa risasi kwa Rais Kennedy, na wapo waliokumbuka hadi uzeeni nani alikuwa akisema na nani katika kile kisa kilichokatizwa. Walioihifadhi sanaa hiyo ni wapenzi wake: mashangazi na wakwe waliokuwa wakisimuliana kwa simu yaliyompita aliyekwenda sokoni. Sanaa ilidharauliwa kwa sababu ni ya wanawake na ya mchana, na kwa sababu hiyohiyo ikatunzwa na wanawake, mchana.

Kutoka Chicago hadi Buyungu njia haikuwa fupi. Hadithi ya namna hii ilipoingia Amerika ya Kusini iligeuka. Peru, kati ya 1969 na 1971, ilitazama Simplemente María, kisa cha msichana wa kazi aliyejinasua kwa cherehani, na mauzo ya cherehani za Singer yakapanda. Miguel Sabido wa Mexico aliona kwamba ikiwa hadithi yaweza kuuza cherehani bila ya kukusudia, basi yaweza kwa makusudi kuuza mwenendo: kisomo, uzazi wa mpango, heshima ya mke. Katika miaka ya 1970 alitunga tamthilia za namna hiyo, na mtindo wake ukasafiri hadi India, hadi Kenya, ambako mwaka 1987 palikuwa na Tushauriane katika televisheni na Ushikwapo Shikamana redioni, kisha ukafika Dar es Salaam. Anayejua kusoma nasaba ya hadithi ataona kwamba Fundi Mitindo hakuwekwa pale bure. Cherehani yake ina bibi Peru.

Sabuni basi ilitoka, somo likaingia, na hapa yafaa kusema wazi kwamba si kila badiliko ni nafuu. Muuza sabuni hujali tu kwamba umesikiliza. Muuza somo hutaka kujua umebadilika kiasi gani, na ili apime inambidi pawe na wa kulinganishwa naye. Dodoma ndiyo iliyochaguliwa. Tangu 1993 hadi 1995 mtambo wa huko haukurusha Twende na Wakati, bali vipindi vingine, na watu wa Dodoma wakawa kipimo cha wenzao. Everett Rogers na wenzake walichapisha matokeo mwaka 1999: palipofika tamthilia, uzazi wa mpango uliongezeka zaidi. Ni kazi ya kitaalamu yenye sifa kubwa, na pengine sifa hiyo inastahiki. Lakini mwalimu alipoelezwa habari hii na mjukuu alinyamaza, kisha akasema kwamba miaka miwili bila ya Mkwaju ni mingi. Hakuwa akitania. Anayeipima hadithi kwa matunda yake tu husahau kwamba kunyimwa hadithi nako ni kunyimwa.

Upande wa Burundi kazi ilikuwa nyingine na ngumu zaidi. Baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye mwezi wa Oktoba 1993, na tena kuanzia 1996, watu walivuka mpaka kwa maelfu na kuingia Kibondo, Kasulu na Ngara. Kanembwa, Mtendeli, Nduta na Karago yakawa majina ya makambi. Mwaka 1997 Studio Ijambo ya Bujumbura ilianza kutoa Umubanyi Niwe Muryango, yaani jirani ndiye ndugu: familia mbili, moja ya Kihutu na moja ya Kitutsi, ujirani wao, na vita vikiwa mlangoni. Mtunzi wake ni Marie-Louise Sibazuri, aliyeandika mamia ya vipindi, na kama sanaa hii ingepewa heshima inayopewa riwaya, jina lake lingetajwa katika kila orodha ya waandishi wa Afrika Mashariki.

Huko Gwarama tamthilia hiyo haikuhitaji tafsiri. Mjane alikuwa na mkimbizi aliyekuja kumsaidia palizi kwa malipo ya maharage, na jioni walisikiliza pamoja kabla mgeni hajarudi kambini. Redio ilikuwa ya mmoja, na betri mara nyingine zilikuwa za mwingine. Hawakusema juu ya vita. Walisema juu ya watu wa redioni, nani mnafiki, nani mwoga, nani aliyemficha mwenzake, na katika kusema hivyo mgeni alisema yote aliyokuwa nayo. Mwishoni mwa muongo wa 2000 makambi ya Kibondo yalikuwa yamefungwa, na huyo mgeni aliondoka na wenzake kisa kikiwa njiani. Mtendeli ilifunguliwa tena mwaka 2016, ikafungwa mwaka 2021. Hakuonekana. Mjane humkumbuka kila anapofika mahali fulani katika hadithi, na hapo husita, kama anayemngojea mtu amalizie.

Hivi ndivyo kumbukumbu ya tamthilia inavyofanya kazi. Haiko katika kanda. Huko Gwarama hakuna mwenye kanda. Imefungamana na nani alikuwa ameketi wapi. Ndiyo sababu hoja ya Tunu haiwezi kwisha kwa kijana kutafuta katika simu, ingawa amejaribu.

Marehemu mume wa mjane hakuwa dereva. Alikuwa utingo wa malori, katika miaka ile ambayo malori yalipishana barabarani usiku na mchana kupeleka chakula makambini. Alimwacha mkewe na watoto akaishi na mwanamke mwingine, na alipougua aliletwa nyumbani juu ya baiskeli, kwa mke yuleyule. Mjane alimwogesha, akamlisha uji kwa kijiko kwa miezi saba, na jioni aliifungua redio karibu na kichwa chake. Mdogo mtu alikuwa akifundisha shule isiyo mbali. Katika miaka hiyo watu waliogopa hata kikombe cha mgonjwa, na waliosoma waliogopa vilevile, ila wao walikuwa na sababu za kueleza. Alituma pesa. Alituma pia sukari. Hakuja hadi msibani.

Hajalaumiwa kwa hilo, angalau si kwa maneno. Mjane humpa kiti kizuri na huanza na habari za shule kana kwamba bado anafundisha. Kisha, chai ikishamiminwa, husema kwamba Tunu alirudi. Naye mwalimu hana budi kusema kwamba hakurudi, kwa kuwa Tunu akirudi, kila aliyekuwa na uwezo wa kurudi asirudi ataulizwa.

Siku kijana alipokuwa akiwasomea majina ya tamthilia za Marekani, alifika kwenye General Hospital, iliyoanza tarehe 1 Aprili 1963 na ambayo hadi leo haijakwisha. Mjane alishangaa.

"Hospitali ya miaka sitini! Na wagonjwa wote hao, nani anawauguza?"

Kijana alianza kueleza habari za madaktari na manesi wa humo. Mwalimu alimkatiza.

"Wake zao, shemeji," alisema. "Bila shaka ni wake zao."

Mjane alimtazama, akamwongezea chai. Kijana alikuwa amekwisha kufika kwenye Days of Our Lives, ya mwaka 1965, na akauliza kama aendelee.