Umbali wa Kigoma

Twaa ramani ya Tanzania, uweke ncha moja ya uzi juu ya Dar es Salaam na ncha ya pili juu ya Kigoma, penye Ziwa Tanganyika. Ukiuvuta uzi hata unyoke, utapata kadiri ya kilomita 1,090. Njia hiyo ni ya ndege wa angani, na eropleni huifuata karibu sawasawa. Isipotua mahali, hufika kwa muda wa saa mbili hivi. Mwenye kupenda hesabu atagawanya mara moja, aseme kuwa huenda kilomita 545 kwa saa. Lakini huko juu mwendo wake ni mkubwa kuliko huo, kwa maana wakati mwingine hupotea katika kutambaa kiwanjani, kupanda, na kushuka. Jua huishinda: likiisha pita juu ya Dar es Salaam huwafikia watu wa Kigoma kabla ya dakika 40 kutimia.

Kabla ya reli, iliyoanzwa na Wajerumani Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914, nchi ilikuwa na upana uo huo, wala hapana aliyeujua vema kuliko mpagazi. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi. Walikwenda kwa miguu baina ya Bagamoyo, iliyo kaskazini ya Dar es Salaam, na Ujiji, ulio karibu na Kigoma, kila mtu na mzigo wa frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Hao walihesabu vituo. Siku ya njia ilikuwa ndefu au fupi kwa kadiri maji yalivyokuwa mbali. Ugogo msafara ulisimama mpaka ushuru, ulioitwa hongo, ulipwe kwa nguo na ushanga. Tena vita vikizuka, njia ilifungwa kabisa.

Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1871, Henry Morton Stanley alipotoka Bagamoyo mwezi wa Machi kumtafuta David Livingstone. Mirambo alikuwa akipigana na Waarabu wa Unyanyembe, kwa hiyo Stanley akazunguka kwa kusini, akaingia Ujiji siku ya 236. Alimkuta Livingstone amedhoofika, na bidhaa alizopelekewa zimekwisha uzwa na mtu aliyekabidhiwa. Pamoja na Stanley ulifika mfuko wa barua zake, ambao aliukuta umekwama Unyanyembe. Ulikuwa na alama ya tarehe 1 Novemba 1870. Kwa hesabu ya Stanley ulikuwa umekaa njiani siku 365. Mtu afunguaye barua ya namna hiyo hawezi kujua kama waliomwandikia wangali hai.

Siku hizi abiria wa Kigoma, akichungulia dirishani, aweza kuuona mto Malagarasi chini yake kama uzi, na kabla hajamwonyesha mwenziwe umekwisha pita. Msafara wa Stanley ulifika ng'ambo yake baada ya mabishano marefu juu ya ujira wa mitumbwi. Watu walivuka salama. Punda mmoja, aliyeitwa Simba, alivutwa majini kwa kamba iliyofungwa shingoni. Alipofika katikati ya mto mamba akamkamata koo, akazama naye, na waliokuwa ukingoni wakabaki wameshika kamba.