Mubambiro na mioto mitatu



Ukitoka Goma kwenda Sake, utapita Mubambiro karibu na ziwa. Tazama yale mawe meusi. Kati ya 1938 na 1940 lava ya Nyamulagira ilishuka mpaka ikaingia Ziwa Kivu, upande huu wa Sake. Ule ni moto wa kwanza: hauna mtu wa kuushika.

Wa pili uko kwenye mbabula. Upepo ukivuma, makala yanawaka kupita kiasi. Mama anaziba mlango kwa majivu, anasogeza sufuria. Bila mkono wake, chakula kinaungua.

Wa tatu ni wa uraniamu, lile jiwe lililochimbwa Shinkolobwe, kule Katanga. Atomu yake ikipasuka inatupa nyutroni mbili au tatu, nazo zinapasua atomu nyingine. Moto ukitulia, ni nyutroni moja tu inayoendeleza kazi. Zikizidi, nguvu inapanda. Ndiyo maana wanaingiza fimbo zenye boroni, zinazomeza nyutroni.

Kule Chernobyl, mwaka 1986, maji yalipogeuka mvuke ndani ya mtambo wa umeme, nguvu ilizidi badala ya kupungua. Moto ulijichochea wenyewe, mtambo ukapasuka.

Sisi tulikuwa na mtambo wa namna nyingine. Mwaka 1959, Monsinyori Luc Gillon akiongoza Chuo Kikuu cha Lovanium, Kinshasa ilipata TRICO, wa kwanza Afrika. Mwaka 1972 ukafuata TRICO II. Haikuwa ya umeme, ilikuwa ya utafiti. Uraniamu yake imechanganywa na zirkoni na hidrojeni: ikipata joto kali, nguvu inashuka yenyewe, kabla mtu hajanyoosha mkono.

Basi utasema, “Moto kama huo hauhitaji mlinzi.” Hapana, ndugu! TRICO II ilisimama mwaka 2004 kwa kukosa piesi, na mvua inakula udongo wa kilima kile. Uraniamu iliyokwisha kutumika bado inatoa mionzi, lazima ilindwe. Mtambo unaweza kujizuia usiwake sana. Hauwezi kujinunulia piesi wala kuzuia mmomonyoko.

Wewe unayeshuka shimoni unajua jambo hili. Nguzo zinashika mwamba usiku kucha, lakini asubuhi ni lazima mtu azikague kabla wenzake hawajaingia.