Mkeka wa Jua

Neno moja nililolitamka bila kulipima lilimfanya mjomba wangu akeshe baharini, yeye na mabaharia wake wawili, nje ya mwamba wa Diani, katika mwezi wa Februari mwaka 2022. Neno hilo ni "mkeka". Naandika habari yake kwa sababu mimi ni mwalimu, na kazi yangu ni kuwapa watu maneno ya kufahamia mambo. Nikiwapa neno bovu, hasara huwafika wao kabla ya kunifika mimi.

Mjomba ni mvuvi. Kwetu sisi Wadigo mjomba si jamaa wa pembeni. Zamani mali ilirithiwa kwa upande wa mama, na ingawa desturi hiyo imepungua nguvu, heshima ya mjomba haikupungua. Mashua yake hutia nanga Mwaepe, mwendo mfupi kutoka mjini Ukunda. Katika miezi ya kaskazi, bahari inapotulia, huvua usiku kwa taa. Wazee wake walitumia karabai, taa ya kupigwa pampu, iliyokula mafuta mengi na kuunguza vidole. Yeye hutumia taa ndogo za umeme zipatazo nguvu katika betri. Shida ilikuwa hiyo betri. Kila asubuhi ilipakiwa juu ya bodaboda ikapelekwa dukani Ukunda kujazwa umeme, na jioni ikarudishwa kwa nauli nyingine. Ufuko wa Diani umejaa hoteli zinazong'aa usiku kucha, lakini baharini hakuna nguzo.

Huenda msomaji akauliza kwa nini hakununua paneli ya sola kama zile zilizo juu ya mapaa ya nyumba. Paneli ya namna hiyo, ya wati 100, ina kioo kizito mbele na fremu ya alumini pembeni, na uzito wake ni kama kilo 6 au zaidi. Juu ya paa uzito huo si kitu. Katika mashua isiyo na sitaha ni kero kubwa. Foromali inapozungushwa ili tanga lipokee upepo kwa upande wa pili, kamba hupita kwa nguvu kila mahali, na kioo kikipigwa kikavunjika, watu wako miguu mitupu.

Katika mwaka 2021 niliona dukani Mombasa paneli ya namna nyingine. Haikuwa na kioo wala fremu, ilikuwa plastiki mbele na nyuma, nyembamba kama jalada la kitabu, na uzito wake haukufika kilo 3. Muuzaji aliishika kwa ncha mbili akaiinamisha ikawa kama upinde, kisha akaiachia ikanyooka. Nilifurahi kama mtoto. Nilimshauri mjomba ainunue, naye akatoa akiba ya mauzo ya samaki ya miezi miwili. Aliponiuliza jinsi ya kuitunza, nilimjibu kwa fahari ya mtu aliyesoma, "Mjomba, hii ni kama mkeka. Mchana itandike, jioni ikunje."

Akafanya kama nilivyosema. Mchana aliitandika tezini, na kila jioni aliizungusha, akaifunga kwa kamba, akaisukumia chini ya ubao. Miezi mitano ilipita vizuri, na fedha za bodaboda zikabaki mfukoni. Kisha taa zikaanza kufifia mapema, leo kabla ya alfajiri, wiki ijayo usiku wa manane. Mjomba alidhani betri imezeeka.

Usiku ule wa Februari taa zilizimika zote wakiwa nje ya mwamba. Hawakuweza kuutafuta mlango wa kuingilia, wala hawakuwa na cha kuwaonyesha wengine kwamba wapo. Chombo cha mashine kilipita karibu nao kwa kasi, nao wakapiga kelele na kugonga ubavu wa mashua kwa makasia mpaka kikaenda zake. Wakangoja kuche. Mimi niliitwa alfajiri. Nilipofika Mwaepe nilimkuta mkaza mjomba ameketi mchangani, leso kichwani, hanitazami. Nilimwamkia, akaitikia kwa sauti ndogo akiangalia bahari.

Mashua iliingia na maji. Mjomba alishuka, akapokea shikamoo yangu, akanitia mkononi ule mzingo wa paneli. "Mwalimu," akasema, "mkeka wako umekufa." Hakuongeza neno. Afadhali angenigombeza.

Nikaipeleka shuleni, nikaitandaza juani mbele ya wanafunzi wangu, tukaipima. Volti zilikuwa karibu na za kawaida, lakini mkondo wa umeme ulikuwa mdogo mno. Tulipoinua paneli na kuitazama kwa upande, tukaona mistari myembamba kama unywele, yote imeelekea njia moja, njia ya kuzungushwa.

Paneli ile ilikuwa na seli 36 za silikoni, dutu itokanayo na madini yaliyomo hata katika mchanga tunaoukanyaga. Kila seli hutoa kama nusu ya volti, nazo zimeungwa moja nyuma ya nyingine, hata umeme hupita katika zote kama ndoo ya maji ipitishwayo mkono kwa mkono na watu wazimao moto. Mmoja akilegea, mstari wote hungoja. Sasa, seli hizo unene wake haufiki milimita 0.2, na japokuwa zimelala ndani ya plastiki laini, zenyewe ni kavu na huvunjika kama ganda la yai. Katika paneli ya namna ile ulaini ni wa ngozi tu. Mjomba alikuwa akiikunja ngozi, na kila jioni ndani yake palikuwa pakipasuka kitu asichokiona.

Hapo nikakumbuka kwamba lugha yetu ina neno nililopaswa kulitumia. Mkeka hukunjwa. Tawi likikaliwa na ndege hunepa, yaani huinama kidogo kwa uzito, kisha hurudi. Paneli ile hunepa, haikunjwi. Nilikuwa na maneno yote mawili tangu utoto wangu, nikachukua lisilofaa kwa sababu lilikuwa na sura nzuri.

Nilitaka kujua kama ni sisi tu tuliotatizika. Nikasoma habari za darubini ya Hubble, iliyopelekwa angani mwaka 1990. Paneli zake za kwanza zilikuwa nyepesi na laini, zilizokunjuliwa kutoka katika mizingo zilipofika huko juu. Kila darubini ilipotoka gizani kuingia juani, joto lilizitetemesha, na darubini nzima ikatikisika. Zilibadilishwa mwaka 1993, na mwaka 2002 zikawekwa nyingine ngumu, ndogo kuliko zile, nazo zikatoa nguvu nyingi zaidi.

Lakini wepesi una mahali pake. Ndege iitwayo Solar Impulse 2 iliondoka Abu Dhabi mwezi wa Machi 2015, ikatua kwanza Muscat, mji ambao mababaharia wetu waliujua vizuri, ikaizunguka dunia bila tone la mafuta, ikarudi ilikotoka Julai 2016. Mabawa yake yalikuwa na upana wa mita 72, juu yake seli 17,248, na uzito wa ndege nzima ulikuwa tani 2.3 tu. Kwa vioo na fremu isingeinuka. Safari haikuwa rahisi, maana betri zilipata joto kupita kiasi ikakaa Hawaii miezi mingi. Mabawa yale yalinepa hewani, hapana aliyeyakunja.

Nilirudi kwa mjomba na fedha zangu mwenyewe, akakubali kujaribu tena, ila safari hii alitaka kupanga yeye. Tulinunua paneli mbili za wati 50 badala ya moja. Sababu yake sikuifikiri mimi: tanga hutupa kivuli upande mmoja, na mashua ikibisha kivuli huhama. Kivuli kikiangukia seli chache tu, paneli nzima hulegea. Basi moja iliwekwa kulia na moja kushoto mwa tezi, nazo hazikuungwa kwa mnyororo, ili moja ikiwa kivulini ya pili ifanye kazi yake. Fundi wa mashua alizilaza juu ya mbao nyembamba zilizopinda kidogo tu, akaacha nafasi ya upepo chini yake, kwa kuwa silikoni ikipata joto hupungua nguvu, kama sehemu 4 katika 1,000 kwa kila nyuzi moja. Jioni huinuliwa pamoja na ubao wake.

Mwenye tuk-tuk wa Ukunda atakaye kuweka paneli kama hiyo juu ya turubali linalotetemeka, namshauri aanze na ubao vilevile. Mwenye nyumba anunue ya kioo. Hiyo huuzwa kwa ahadi ya miaka 25, lakini plastiki katika jua na chumvi yetu huchoka baada ya miaka michache.

Siku tulipomaliza kuzifunga, mjomba aliniuliza tena, mbele ya mabaharia wake, kitu hiki ni kama nini. Niliogopa kusema. Nikaokota kijiti kibichi cha mvinje, nikakiinamisha kidogo, nikakiachia. Alikichukua mkononi mwangu, akakiinamisha kama nilivyofanya, kisha akaendelea polepole, akisikiliza, mpaka kikalia.

"Hapa," akasema. Akakitupa majini, akaenda kuisukuma mashua.