Mkalimani Habahatishi

Nilipoacha chuo mwaka wa tatu, watu walidhani ni karo. Karo ilichangia, ndiyo, lakini ukweli ni kwamba nilichoka kuitikia kwa kichwa. Mhadhara mzima sijaelewa, na bado naitikia, kwa sababu ukiuliza swali darasa zima linageuka kukutazama.

Kilichobaki ni Kifaransa. Jioni nilishuka mjini hadi Alliance Française, pale Loita inapokutana na Monrovia, ada nikilipa kwa pesa za makala nilizowaandikia watu. Miaka sita sasa. Nakumbuka siku ya hesabu: Mfaransa akifika sabini anasema sitini na kumi, themanini ni ishirini mara nne, tisini ni ishirini mara nne, ongeza kumi. Tulicheka hadi machozi. Nilirudi Kawangware na matatu ya 46 nikihesabu kwa sauti, mpaka konda akaniuliza kama nimepoteza nauli.

Baadaye nikaanza kupata vibarua vya ukalimani. Kimoja kilikuwa katika ofisi fulani Lavington, mzee wa Kinshasa akihojiwa. Wakongo wengi wa Nairobi wanatoka mashariki na Kiswahili wanacho. Huyu alikuwa na Kilingala na Kifaransa tu. Mkalimani husema "mimi", hasemi "yeye anasema". Kwa hivyo saa mbili nzima, mimi binti wa miaka ishirini na kitu, niliongea kama baba mwenye wajukuu. Aliyoyasema yanabaki mle ndani. Nitatoa neno moja tu: nonante.

Alikuwa anataja mwaka. Nikasubiri ile ishirini mara nne, haikuja. Nilikisia ni tisini. Lakini kwenye mahojiano kama yale, mwaka ukipishana na ulio kwenye faili, mtu anaonekana mwongo. Shingo ikaanza kuitikia yenyewe, kama enzi za campo. Nikaizuia, nikainua mkono.

"Mkalimani anaomba ufafanuzi."

Nikangoja wanigeukie. Aliyekuwa anahoji akasema tu, "Sawa, muulize."

"Samahani, papa, hilo neno silijui."

Mzee akatabasamu mara ya kwanza asubuhi ile, akachora 9 na 0 mezani kwa kidole. Kwao, kama kwa Wabelgiji waliowatawala, sabini ni septante na tisini ni nonante. Hakuna cha kuzidisha wala kuongeza. "Wafaransa wanapenda kujisumbua," akasema. Hiyo nayo nikaitafsiri, na chumba kizima kikacheka.

Nilitembea kurudi Kawangware nikiwa na furaha ya kijinga. Miaka sita, na kumbe kuna tisini nyingine.

Mathe akapiga simu. Kama kawaida, akauliza narudi chuo lini.

"Mama, leo nimelipwa kwa kusema sijui."

Akanyamaza kidogo. "Na sasa unajua?"

"Tisini," nikamjibu.