Gurudumu Lisilotulia

Ukipanda pikapu kutoka Litein kwenda Sotik, kisha usukani uanze kutetemeka mwendo ufikapo kilomita 80 kwa saa, usikimbilie kulaumu barabara. Mwambie dereva apunguze mwendo. Mtetemeko ukiisha, yaelekea gurudumu la mbele lina upande mmoja mzito kuliko mwingine.

Kwetu sisi mshukiwa wa kwanza ni matope. Udongo wetu mwekundu hujipachika ndani ya rimu, nao ukikauka huwa kama tofali. Nilipiga hesabu (fizikia ina kazi yake, jamani!). Gramu 30 tu za udongo kwenye ukingo wa rimu ya inchi 14, kwa mwendo huo wa 80, huvuta kwa nguvu kama ya uzito wa kilo mbili u nusu, tena huzunguka zaidi ya mara kumi kwa sekunde. Beringi zitaacha kuchakaa? Kwa mwendo wa 40 nguvu hiyo ni robo tu, ndiyo maana kwenye njia ya vumbi dereva hasikii lolote.

Likizo ya Agosti, pikapu ya Baba ilishikwa na ugonjwa huo. Hubeba majani chai mpaka kituo cha kununulia, na siku za soko hubeba watu. Baba akasema mashine ya mjini ingoje bonasi, nayo bonasi huja Oktoba. Basi kaka yangu, ambaye ni fundi wa jua kali, akaamua tuifanye kazi hiyo nyumbani.

Tuliosha rimu mpaka ikang'aa. Kaka alitoa ekseli fupi ya gari kuukuu, akaosha grisi yote ya beringi kwa mafuta ya taa, akadondoshea oili kidogo ili izunguke bila kukwama. Tukaifunga ikiwa imelala sawasawa, tukatundika gurudumu, tukaliacha. Upande mzito hushuka wenyewe. Juu kabisa unatia alama ya chaki, na hapo ndipo unapobandika kipande cha risasi. Unajaribu tena, unaongeza, unapunguza, mpaka gurudumu litulie popote unapoliacha. Lakini asikudanganye mtu: uzito ukitofautiana kati ya ubavu wa ndani na wa nje, njia hii haiuoni. Huo ni wa mashine.

Gurudumu la kulia lilitulia. La kushoto, kaka alipolipapasa, alikuta uvimbe ubavuni kama jipu. Nyuzi za ndani zilikuwa zimekatika.

"Hapa hakuna risasi ya kusaidia," akasema.

"Si tuende nayo polepole mpaka Oktoba?" Baba akauliza.

"Baba, huko nyuma hukaa akina mama na watoto."

Mzee alinyamaza kitambo. Pesa zilizokuwapo nyumbani zilikuwa karo yangu ya muhula wa tatu, nasi sote tulilijua hilo. Kesho yake asubuhi alikwenda Kericho, akarudi na tairi jipya begani. Mimi niliripoti shuleni wiki ya pili.